Babu Yako Hakulimishwa Usiku

Oresta, huna haya. Mtu mzima, umemaliza chuo, cheti chako nimekitia kwenye fremu kwa mikono yangu, halafu unalala saa tano ya mchana na pazia umelifunga kama nyumba ina msiba. Nimegonga mlango huo mpaka vidole vinauma. Unaitikia "nakuja bibi" kwa sauti ya mtu aliyetumbukia kisimani, halafu huji. Chai inapoa, kuku wanaingia sebuleni, ulezi nimeuvuna peke yangu na umri huu nilio nao, na wewe uko gizani, simu inakumulika usoni.

Nimekugombeza kwa mdomo ukacheka. Sasa nakugombeza kwa kalamu.

Umekwenda mjini kuaga wenzako, nami nimetoa kigoda nje, nimeweka karatasi juu ya ungo. Naandika mchana makusudi. Niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu hata masista walionifundisha waliukatia tamaa. Ukiona mstari umepanda juu, ujue upepo ulivuta karatasi. Ukiona umekatika, nimekwenda kufukuza mbuzi.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala nauli, wala wanaume. Sabuni unajua inauzwa wapi, na wanaume wa Kasesya, huko unakokwenda kufanya kazi, wengi ni madereva wa malori, wanapita tu. Nakuandikia kwa sababu naogopa. Mimi uliyeniona nikimuua nyoka jikoni kwa mwiko, leo naogopa. Na ninachoogopa utakiona kidogo, utacheka. Naogopa utakaa gizani mchana.

Usicheke kwanza.

Juzi Mama Anjela, huyo jirani wa ng'ambo ya barabara, alinikuta bombani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mjukuu wako anaumwa?"

"Haumwi. Kwa nini?"

"Aa, nauliza tu. Watu wanasema mchana analala sana. Na usiku taa yake inawaka mpaka majogoo. Amekonda." Akainama kuangalia ndoo yake kama imetoboka. "Na ulezi wako mwaka huu umekubali, bibi. Peke yako vile."

Wewe ungesema ni maongezi ya bombani. Mimi nilijitwika ndoo nikarudi mbio, maji yakanimwagikia mpaka kiunoni. Usingizi wako, kukonda kwako, ulezi wangu. Ameyapanga hayo maneno vilevile yanavyopangwa. Nayajua, Oresta. Hapa Mollo niliyaanzisha mimi.

Basi kaa nikueleze habari za mume wetu. Wewe ni mke mwenza wangu, una haki ya kujua mwanaume tuliyekuwa tunagombania alikuwaje kabla hujazaliwa. Unamkumbuka mzee amekaa mlangoni, anacheka, anakumenyea karanga. Huyo ndiye aliyebaki baada ya mambo mengi.

Babu yako alikuwa mtunza ghala. Ghala la mahindi kule mjini, la tajiri mmoja aliyekwisha kufa. Matofali mpaka juu, kisha bati, na dirisha hata moja hakuna, kwa sababu ya ndege na wezi. Mlango ni mmoja, wa chuma, nao ulifunguliwa nusu. Ndani taa moja ya njano. Yeye alikaa nyuma kabisa na meza yake, anaandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Aliondoka hapa na baiskeli kabla hakujapambazuka, akarudi giza limeingia. Jua alikutana nalo Jumapili, na Jumapili yenyewe tulikuwa kanisani, tukitoka hapo tunaingia kwenye nyumba ya pombe.

Tuliona ni heshima. Wanaume wengine wanaungua shambani, wangu yuko kivulini, shingo laini kama ya karani wa serikali. Nilijivuna. Nilikuwa navaa viatu kwenda kuchota maji.

Kisha akaanza kubadilika, polepole, kama maziwa yanavyoganda. Usiku hana usingizi, anazunguka ndani, anapanga kuni zilizokwisha kupangwa. Mchana anasinzia. Anasinzia na tonge mkononi. Ghalani aliandika lori moja mara mbili, lingine akalisahau kabisa. Siku moja alimtafuta mama yako jina, mtoto wake wa kumzaa, akabaki "wewe, wewe, njoo hapa." Na ukimwamsha asubuhi anaamka amechoka, mikono imelegea, anasema, "Leokadia, mwili unauma kama nimelima."

Kama nimelima. Hilo neno ndilo lililotumaliza.

Umekulia hapa, huhitaji kufundishwa. Mtu akiamka amechoka kama aliyelima, kwetu jibu liko tayari kabla ya swali: analimishwa usiku. Kuna mtu anamchukua amelala, anamtia jembe mkononi shambani kwake mpaka alfajiri, anamrudisha kitandani, mwenyewe hajui. Hawa wenzetu waliotoka Mbeya kuja kufanya kazi za ofisini wanatucheka, lakini wakichoka na wao utawakuta kwa mganga, wamepitia njia ya nyuma.

Mganga alisema hivyohivyo, na akatoa masharti. Mgonjwa asionekane na mtu. Akae chumba cha ndani, dirisha lizibwe, asitoke nje mchana, maana anayemtumia akikosa kumwona uso atakosa na kumchukua. Nikayashika masharti yale kuliko amri za kanisa. Unajua nyumba zetu, tunajenga dirisha dogo kama sahani kwa sababu ya baridi. Hilo dogo nikaliziba kwa gunia, na juu ya gunia nikakandika udongo. Nikamfungia humo tangu mahindi yanachanua mpaka ulezi unakaribia kukauka. Nilidhani namficha adui asimwone. Kumbe ugonjwa wake nilikuwa naulisha kwa kijiko.

Mle ndani alipotea kabisa. Nampelekea chakula cha mchana, ananiuliza kama jogoo amewika. Nikimsemesha, jibu linachelewa, unaliona linatoka mbali, linakuja, halafu linakaa chini njiani. Anaanza neno, analiacha. Usiku ndiyo anachangamka, anataka kwenda ghalani. Mama yako alikuwa binti mdogo, akawa anaogopa kuingia chumba cha baba yake. Nami kila alipozidi, nilikandika udongo mwingine, nikidhani kuna upenyo nimeuacha.

Sasa ikabaki kumpata anayemlimisha. Huyo hakuwa mbali. Alikuwa Yustina, mjane, shamba lake limepakana na letu. Macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni. Hana mtoto wa kumsaidia, lakini ulezi wake safi, hauna gugu hata moja, na hakuna aliyewahi kumwona akipalilia. Watu wanaamka, wanakuta pameshapaliliwa. Mimi nikajumlisha.

Siku hiyo mashineni tulikuwa wengi tunasubiri kusagiwa. Nikasema, simwangalii mtu, "Wengine tunalima kwa mikono yetu. Wengine wanalimiwa na waume za watu."

Mashine ilikuwa imezimwa. Kila mtu alisikia. Jina sikutaja, na halikuhitajika.

Vijana walikwenda wakavunja kihenge chake. Ulezi ukamwagika uani, kuku wa kijiji kizima wakashiba. Wazee wakasema ni heri mama huyo aondoke, kwa usalama wake. Akaondoka mchana, kila mtu yuko nje anaangalia, godoro kichwani, sufuria mkononi. Ilibidi apite mbele ya nyumba hii. Nilikuwa nimesimama mlangoni hapa, hapa kilipo kigoda changu sasa hivi. Akasimama, akanisalimia vizuri kama siku zote. Kisha akasema:

"Mwambie mume wako kule mpakani kuna magugu aliyaacha. Sijui alichoka."

Kuna waliocheka. Mimi sikucheka. Yeye akaenda.

Nimesogeza kigoda. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimenifikia miguuni, na baridi ya mwezi huu unaijua.

Yustina alipoondoka tu, ulezi wetu ukawa tayari. Nikawa sina la kufanya. Nikimwacha babu yako peke yake ndani atatoka apotee, nikikaa naye ndege watamaliza shamba. Nikasema heri sharti la mganga lilegee kidogo kuliko watoto walale njaa. Nikamshika mkono nikampeleka shambani, nikamkalisha juu ya kichuguu. Unajua uwanda wetu ulivyo, nyasi na upepo, hakuna mti wa kumficha mtu, mbingu yote iko juu yake. Alifumba macho kama popo aliyetolewa darini. Akalalamika mwanga unamchoma. Akajilaza palepale, akalala. Kesho yake vilevile. Nikamfunika kanga, nikaendelea kuvuna.

Siku zikaenda. Akawa anakaa wima. Akawa anafukuza ndege kwa mawe, anawakosa. Asubuhi moja nimeinama nakata masuke, nasikia kisu kingine nyuma yangu, kra, kra. Nageuka, ni yeye. Anakata, na anatoka jasho.

"Leokadia," akasema, "mbona masuke madogo unayaacha? Umekuwa tajiri?"

Nilikaa chini katikati ya shamba nikalia. Usiku ule akalala kama mtoto aliyenyonya. Tulipomaliza kuvuna, alikuwa anajua majina ya watoto wake wote, na ya mbuzi, na madeni ya watu waliodhani ameyasahau.

Sasa sikiliza watu walisema nini. Walisema, si mmeona? Mchawi ameondoka, mtu amepona. Nami nilisema hivyo, kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikampelekea mganga mbuzi wa shukrani. Yaani kule kupona kwake, kwa jua la Mungu lisilouzwa, sisi ndiko tulikotumia kumgongea Yustina muhuri wa uchawi.

Babu yako akarudi ghalani. Mimi ndiye niliyemhimiza, nikisema atazoea uvivu. Msimu wa kununua mahindi haukufika mwisho, yakaanza yaleyale. Usingizi mchana, macho makavu usiku, na asubuhi, "mwili unauma kama nimelima." Nilikuwa nakoroga uji. Mwiko ulinikwama mkononi. Yustina yuko kwa kaka yake, Namanyere huko, hana hata tuta la viazi la kwake. Nikajiuliza, sasa huyu analimia nani?

Ndipo nikampeleka hospitali, sikumwambia mtu. Walimpima damu, wakapima mkojo, wakapima malale, ule ugonjwa wa usingizi, maana alikuwa amewahi kwenda bondeni Rukwa kufuata mchele, na huko wanasema mbung'o wapo. Hawakuona kitu. Daktari alikuwa kijana, mpole. Akaacha makaratasi yake, akamuuliza babu yako, "Mzee, mchana unakaa wapi?"

Nikaona ananidharau. Nikamwambia, "Daktari, tumeleta ugonjwa, hatukuleta habari za makazi."

"Mama, huo ugonjwa ndio ninaouuliza," akasema. "Mzee, jua unaliona saa ngapi?"

Babu yako akafikiri. "Jumapili," akasema.

Nakuandikia aliyotueleza kama nilivyoyashika, wewe uliyesoma utayanyoosha. Alisema jicho halifanyi kazi ya kuona peke yake. Lina kazi nyingine, kuuambia ubongo kwamba sasa kumekucha. Ubongo una saa yake ndani, na saa hiyo inarekebishwa na mwanga, hasa ule wa asubuhi. Mwanga ukiingia wa kutosha, ubongo unaamka kweli, unakumbuka, unahesabu, unajua kwamba usiku ukifika ni wakati wa kulala. Usipoingia, saa inateleza. Mtu anakuwa macho lakini ubongo wake unadhani bado ni jioni. Kwa hiyo mchana anazubaa na usiku hapati usingizi.

Nikamwambia, lakini ghalani kuna taa. Akasema taa ya ndani, hata wewe ukiiona kali, kwa ubongo ni kitu kidogo sana. Nje hata siku ya mawingu pana mwanga mara nyingi zaidi kuliko ndani penye taa, ila macho yetu yanazoea haraka, hatutambui tofauti. Akasema si lazima mtu aanikwe juani kama mihogo, na jua lenyewe usilikodolee macho, litakuharibu. Kuwa nje tu kunatosha, mbingu ikuone. Na akasema jingine ambalo nataka ulishike: si kila usingizi ni habari ya mwanga. Ndiyo maana alimpima kwanza. Ukitoka nje siku zote na bado unasinzia, nenda ukapimwe, usikae unasubiri.

Babu yako akamwomba tajiri wake ahamishie meza mlangoni. Tajiri akaguna, akasema ataingiza vumbi kwenye vitabu, mwishowe akakubali, maana makosa ya magunia yalimchosha yeye zaidi. Na kabla ya kupanda baiskeli akawa anangoja kupambazuke, anakunywa uji wake hapa nje, na baridi yake yote. Hakuwahi kurudi kwenye hali ile. Alikufa mzee, kwa kifua, akiwa anajua jina la kila mtu aliyesimama pembeni ya kitanda. Unamkumbuka mlangoni kwa sababu hiyo. Hakuwa mvivu.

Yustina nilimfuata Namanyere. Nilibeba kuku. Aliwapokea kuku, akanipikia ugali, akanikalisha vizuri. Nikamweleza yote, ya jicho na ya ubongo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua: "Shamba lako ulikuwa unalipalilia saa ngapi?"

"Alfajiri," akasema. "Kukianza kupambazuka nilikuwa nimeshafika kwenye tuta la tatu. Nyinyi mlikuwa mnaogopa baridi."

Nikamwomba arudi Mollo. Akasema, "Sirudi. Hapa watu wananisalimia."

Hakunisamehe, wala hakunifukuza. Nilipanda gari nikarudi.

Sasa twende Kasesya.

Siku ile niliyokusindikiza kumwona mwajiri wako, tulishuka kwenye gari la Matai ukaanza kutabasamu. Malori yamepanga foleni mpaka mpakani, bodaboda zinapita katikati, watu wanabadilisha hela, wewe ukasema, "Bibi, hapa ndiyo maisha." Kisha tukaonyeshwa ofisi utakayokaa ukiandika namba za malori. Kontena. Limepakwa rangi vizuri, limewekewa feni, lakini ni kontena, bati pande zote, dirisha hakuna. Mlango wanaufunga kwa sababu ya vumbi la malori, na yule kijana unayempokea kazi akasema mwanga wa nje unaharibu kioo cha kompyuta, hasomi vizuri. Ilikuwa saa sita, jua liko utosini. Akanyanyua uso akatuuliza, "Hivi saa ngapi sasa?"

Uliona ni mcheshi. Mimi niliuona uso wa mume wetu.

Akaendelea kuniambia, "Bibi, hapa silali usiku, mchana nasinzia, naandika namba ya lori naikosea. Nafikiri kuna mtu ananichezea." Kisha akacheka, "Wewe si wa Sumbawanga? Nisaidie basi, nyie wenyeji mna vitu vyenu."

Na wewe ukacheka naye. Mlicheka mpaka mkagonganisha mikono. Mimi nilimwambia, "Mwanangu, fungua mlango utoke nje." Akadhani namfukuza ofisini kwake.

Tangu siku hiyo silali vizuri mimi mwenyewe. Kwenye kontena lile makosa hayatakuwa ya magunia tu. Utaandika namba isiyo yake, lori litazuiwa, mtu atakufokea. Jioni utapanda bodaboda umesinzia nyuma ya dereva kwenye barabara ya malori. Na umekwisha kuanza, Oresta. Tangu umalize chuo umekaa gizani hapa nyumbani masika yote, mchana pazia, usiku simu. Unakwenda kule ukiwa nusu ya akili umeshaipoteza.

Hiyo ni hofu moja. Nyingine nilikuwa nataka nisikuandikie, lakini ulezi nimeshaupeta na mbuzi wametulia, sina kisingizio.

Nitazame mimi. Ni mjane. Macho yangu mekundu, nimepika kwa kuni tangu utoto. Shambani nakwenda alfajiri, nilijifunza kwa Yustina, kwa hiyo hakuna anayeniona nikipalilia. Ulezi wangu mwaka huu umekubali. Na ndani ya nyumba yangu kuna binti anayelala mchana, amekonda, anaamka amechoka. Jumlisha. Wewe una cheti.

Jana niliingia mashineni wakanyamaza. Watoto wa Mama Anjela, wale wanaokimbilia karanga zangu, walinipita hawakusema shikamoo. Nilisimama njiani na debe langu nikiwasubiri. Hawakugeuka.

Ukirudi Krismasi umenyauka kama kijana yule, hapa hakuna atakayesema ni kontena. Watasema bibi yake amemfuata mpaka mpakani. Na mimi sina kaka Namanyere. Vijana wa siku hizi hawaishii kwenye kihenge.

Nitakwambia na hili, ulichome moto ukimaliza kulisoma. Siamini habari za kulimisha watu. Nilizizika pale hospitali. Lakini juzi, baada ya bombani, nilijitazama kwenye kioo chako, nikayaona macho haya, nikajiuliza kama inawezekana nafanya bila kujua. Mimi Leokadia, nikajiuliza. Hofu inafika mpaka hapo. Yustina naye labda alijiuliza, peke yake, usiku ule kabla hajaondoka, na mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo.

Kwa hiyo sikuombi. Nakuagiza.

Kasesya, kila siku kabla ya kuingia kwenye bati lile, chai unywe nje, umesimama au umekaa, mvua ikinyesha simama barazani. Mchana chakula ule nje. Mwambie mwajiri wako meza inasogea mlangoni, na kompyuta iupe mgongo mlango, vumbi utalifuta mwenyewe. Akikataa, nipigie simu, nitakuja nizungumze naye mimi, na hataniomba nirudi mara ya pili. Simu usiku uizime. Ukisinzia bado, nenda hospitali, siyo kwa mganga, na usimwambie mtu yeyote kwamba mwili unauma kama umelima. Sema umechoka. Neno lile usilitamke kabisa.

Na kesho bodaboda isije kukuchukua mlangoni kukiwa na giza, nimeshamwambia dereva wake asije. Basi la pili linatosha. Tutakwenda kwa miguu wote wawili, jua likiwa limetoka, begi nitabeba mimi upande mmoja. Tutapita mashineni. Tutapita mbele ya Mama Anjela. Utamsalimia kila mtu kwa sauti, utamuuliza habari za watoto wake mmojammoja kwa majina, uyataje bila kukosea. Utanishika mkono. Wakuone macho yako yako wazi, na waone uliyemshika ni nani.

Sasa weka karatasi hii chini ukalale. Pazia liache wazi. Jua likitoka nikukute nje, umevaa viatu.